Kukusanya saini za petisheni parokiani huku Michigan: mwongozo kamili kwa sisi tunaoongea Kiswahili

Haya ndugu zangu, hii naiandika kwa ajili ya Wakatoliki wenzangu wa Grand Rapids, Kentwood, Lansing, Detroit na popote Michigan penye familia zetu, kwa sababu kila ikija petisheni ya kusaidia ada za shule tunaambiwa tu "jamani tusaini, ni kwa ajili ya watoto" alafu karatasi inapita benchi kwa benchi kama karatasi ya mchango wa harusi, na hapo ndipo tunapoharibu kila kitu. Mi nilikaa kwenye meza ya saini mwaka 2022, nimeona karatasi zilizojaa majina mazuri kabisa zikiwekwa pembeni kwa kosa la tarehe moja, na nimeona mama mmoja ana green card tu ameshika kalamu tayari kusaini kwa sababu katekista wake kasaini. Sitaki tena kuona hivyo vitu viwili.

(Nikisema jimbo hapa namaanisha Michigan, jimbo la askofu nitaita dayosisi, tusichanganyane.)

Hatua ya 1: Jua kwanza unawaomba watu wasaini nini

Petisheni hizi zinapendekeza sheria ya kumpa unafuu wa kodi mtu anayechangia mfuko wa skolashipu za watoto. Usikae mezani kama huwezi kueleza unafuu huo kwa dakika moja. Chukua mtu anayedaiwa na Michigan kodi ya mapato dola 2,000 kwa mwaka. Akitoa dola 500 kwenye mfuko wa skolashipu, na sheria ikampa unafuu kamili, deni lake linashuka mpaka 1,500, dola kwa dola. Hiyo sio sawa na kukatiwa kwenye mapato, maana ukikatiwa kwenye mapato unapunguziwa kile kiasi kinachotozwa kodi, na kwa kiwango cha Michigan cha asilimia 4.25 zile 500 zingekuokolea dola 21 na senti 25 tu. Kwahiyo mtoaji anavutiwa kutoa kwa sababu hela ile ile angeilipa serikalini. Mfuko ndio unamlipia mtoto ada au vifaa. Familia zetu nyingi zilizofika karibuni hazidaiwi kodi kubwa, kwahiyo kwenye mpango kama huu sisi tungekuwa zaidi upande wa kupokea kuliko upande wa kutoa, na ni vizuri mtu aelewe hilo asije akadhani anasaini ili arudishiwe hela.

Vocha ni kitu kingine. Vocha serikali inatoa hela yake moja kwa moja kumlipia mtoto. Wananchi wa Michigan walipigia kura vocha mwaka 2000 na karibu asilimia 69 wakakataa, kwahiyo ukimwambia mtu "hii ni vocha" umemwambia kitu sicho na labda umeshampoteza.

Sasa kuna swali utaulizwa na mtu aliyesoma: "mbona katiba inakataza?" Usikimbie hilo swali. Mwaka 1970 wananchi walipitisha marekebisho kwenye ibara ya 8 kifungu cha 2 ya katiba ya Michigan yanayozuia hela ya umma kwenda shule zisizo za serikali, na maneno yake ni mapana kweli, yanataja mpaka unafuu wa kodi na vocha. Waliounga mkono petisheni ya 2022 (historia yake naieleza hapo chini) walisema hela ni ya mtoaji haijawahi kuingia hazina, na inamfuata mwanafunzi sio shule. Waliopinga wakasema huo ni mlango wa nyuma, na kwamba hazina ikikosa kodi shule za umma ndizo zinaumia. Mi naamini hoja ya kwanza, watoto wangu wamesoma shule ya parokia na najua ada ilivyotubana, lakini huyo anayepinga naye watoto wake wako shule ya umma na anaogopa kitu cha kweli. Mueleze pande zote mbili kisha muache aamue.

Historia fupi uwe nayo kichwani: Novemba 2021 Gavana Whitmer alipiga kura ya turufu miswada ya unafuu huu. Ndipo ikaja petisheni ya Let MI Kids Learn, ikiungwa mkono na Michigan Catholic Conference, yaani ile ofisi inayosemea maaskofu wa Michigan kwenye mambo ya sera, na familia ya DeVos, matajiri wa hapa Michigan, ikatoa hela nyingi. Kwa nini petisheni? Kwa sababu katiba ya Michigan inaruhusu wananchi kupendekeza sheria kwa saini, bunge linapewa siku 40 za vikao, likiipitisha inakuwa sheria na gavana hawezi kuipiga turufu. Bunge lisipoipitisha inaenda kwa wapiga kura. Ile ya 2022 ilipata saini zaidi ya laki tano lakini zilipelekwa Agosti wakati tarehe ya mwisho ya kuingia kwenye uchaguzi wa Novemba ilikuwa Juni 1, basi ikabaki kulitegemea bunge tu, na Novemba Democrats wakachukua mabaraza yote mawili ya bunge. Haikuwa sheria. Laki tano za saini, jumapili ngapi, magoti mangapi yalichoka kusimama kwenye baridi ya Machi. Kuchelewa kuliiumiza vibaya sana.

Na saini ni panga lenye makali pande mbili. Kule Nebraska bunge ndilo lilipitisha skolashipu, wapinzani ndio wakazunguka na karatasi, na Novemba 2024 wapiga kura wakaifuta sheria ile kwa takriban asilimia 57.

Mtu anaweza pia kukuuliza kuhusu ule unafuu wa serikali kuu uliopitishwa Julai 2025, hadi dola 1,700 kwa mtoaji kuanzia 2027. Huo ni tofauti, kila jimbo linachagua kujiunga au la, na uamuzi uko kwa gavana au mwingine aliyepewa mamlaka hayo na sheria ya jimbo. Petisheni ya jimbo haihitajiki kwa huo.

Hatua ya 2: Paroko na ofisi, kabla ya meza

Usianze na grupu la WhatsApp. Anza na paroko. Sheria ya kodi ya Marekani, tangu 1954, inazuia kanisa kuunga mkono au kupinga mgombea. Petisheni ya sheria sio mgombea, hiyo inaruhusiwa ikiwa ni sehemu ndogo tu ya shughuli za kanisa. Ila mstari ni mwembamba: siku ile ile hamuwezi kuwa na meza ya saini alafu pembeni kuna vipeperushi vya mgombea, hata kama ni kaka yetu kabisa anagombea ubunge wa jimbo. Akija na fulana yake ya kampeni kusaini asaini kama mtu yeyote, fulana ya mgombea isivaliwe na anayekaa mezani.

Muulize paroko mambo haya: dayosisi imeruhusu? Meza ikae wapi? Tangazo litasomwa na nani, lini? Parokia ikichapa makaratasi au kulipa mfanyakazi saa za kazi kwa ajili ya petisheni hiyo inahesabika kama mchango kwa kamati ya kampeni (wale wanaoendesha petisheni) na kamati inatakiwa kuuripoti, kwahiyo bora vifaa vyote vitoke kwa kamati na sisi tuwe watu wa kujitolea.

Mahali: ukumbini, au pale kwenye baraza la kuingilia baada ya Misa. Isiwe ndani ya kanisa wakati wa Misa, na isiwe kwenye foleni ya Komunyo wala karibu na kitubio. Mtu akija mbele ya Bwana asikutane na kalamu.

Hatua ya 3: Nani asaini na nani ASISAINI

Hii ndiyo hatua nimeandikia mwongozo wote, isome mara mbili.

Anayesaini lazima awe mpiga kura aliyeandikishwa Michigan siku ile anaposaini. Kuandikishwa kunahitaji uraia. Kwahiyo:

Mwenye green card hasaini. Mkimbizi ambaye bado hajawa raia hasaini. Mwenye viza ya masomo au ya kazi hasaini. Mtu aliyefaulu mtihani wa uraia lakini hajala kiapo, bado, hasaini. Aliyekula kiapo juzi lakini hajajiandikisha, ajiandikishe kwanza alafu arudi jumapili ijayo.

Watu wanaona ni jambo dogo, "si karatasi ya kanisa tu". Hapana. Ile karatasi juu imeandikwa kwamba anayesaini anajitambulisha kama mpiga kura aliyeandikishwa, na asiye raia akijitambulisha hivyo inaweza kuja kusomwa kama amedai uraia kwa uongo, na kwenye sheria za uhamiaji hilo ni moja ya makosa mabaya kabisa, linaweza kumzuia uraia au kumfukuzisha nchi. Mkimbizi anasubiri mwaka mmoja kuomba green card, alafu miaka mitano ya ukaazi, inayohesabiwa tangu alipoingia nchini, ndio aombe uraia, na siku ya usaili anaulizwa chini ya kiapo kama amewahi kujiandikisha kupiga kura. Hakuna saini ya petisheni inayofaa kuhatarisha hiyo njia yote.

Na kama kuna mtu asiye raia anasema "mbona mi nina kadi ya kupigia kura, nilipewa nilipochukua leseni", usimsainishe, na usimtanie mbele za watu. Mwambie taratibu amuone wakili wa uhamiaji haraka.

Namna ya kuuliza bila kumuaibisha mtu: usiulize "wewe ni raia?" kwa sauti mbele ya foleni. Weka bango kubwa kwa Kiswahili, Kiingereza, Kifaransa na Kinyarwanda kama mnao hao watu: WANAOSAINI NI WAPIGA KURA WALIOANDIKISHWA MICHIGAN TU. Alafu kila mtu muulize swali moja, "umeandikishwa kupiga kura kwa anuani gani?" Asiyeandikishwa ataelewa mwenyewe. Asiye na uhakika afungue michigan.gov/vote kwenye simu yake, anaweka jina, mwezi na mwaka wa kuzaliwa na zip kodi (namba ya posta ya anuani yake), anajiona hapo hapo.

Wasio raia wana kazi nyingi mezani, kupanga viti, chai, kuelekeza watu, kueleza kwa lugha ya nyumbani petisheni inasema nini. Wasiguse tu kalamu.

Hatua ya 4: Nani ashike karatasi

Mkusanyaji anasaini cheti pale chini ya karatasi, na cheti kinasema ana miaka 18 au zaidi, ni raia wa Marekani, na KILA saini iliwekwa mbele ya macho yake. Hicho sio cha kujaza haraka haraka, kudanganya hapo ni kosa la jinai.

Mbele ya macho yake maana yake ni kwamba huwezi kuacha karatasi mezani ukaenda kunywa chai, na haiwezi kwenda nyumbani na mwenyekiti wa jumuiya ikarudi wiki ijayo imejaa. Karatasi za mtindo wa jumuiya ndogo ndogo, tunazizungusha sisi kwa nia njema kabisa, zote hizo ukisaini cheti umeandika uongo. Karatasi moja, mkusanyaji mmoja, mpaka ijae au afunge siku. Akienda chooni anaenda nayo.

Mnakumbuka 2022 wagombea ugavana watano wa Republican walitolewa kwenye uchaguzi, akiwemo James Craig aliyekuwa mkuu wa polisi Detroit? Ofisi ya uchaguzi ilikuta wazungushaji 36 wa kulipwa wameleta saini zisizopungua 68,000 zisizo halali kwenye karatasi za wagombea mbalimbali, watu wamekaa sehemu wanaandika majina kwa mwandiko wao. Wagombea wenyewe hawakuandika hizo saini lakini ndio waliopoteza nafasi. Parokia ikipata sifa kama hiyo itachukua muda sana kuisafisha.

Hatua ya 5: Mistari yenyewe

Mpe mtu kalamu nyeusi au bluu na umuangalie anavyojaza. Vitu vya kukaa macho:

Saini ni yake mwenyewe, ifanane na ya leseni, kwa sababu saini iliyoko kwenye faili la wapiga kura mara nyingi ni ile ile ya leseni. Wengi wetu tuna majina matatu manne na tulisaini leseni kwa haraka siku ile, basi mtu aangalie leseni yake kwanza. Baba hasaini kwa niaba ya mama. Najua nyumbani baba ndio anajaza fomu za familia, hapa hapana, hata kama mama yuko kwenye gari na mtoto. Mfuate kwenye gari.

Mji au taunshipi. Hapa tunapoteza nyingi sana. Anachotakiwa kuandika ni mahali alipoandikishwa kupiga kura, sio jina la posta. Mtu anakaa Kentwood au Wyoming lakini barua zake zinakuja "Grand Rapids", anaandika Grand Rapids, na pale hana kura. Kule upande wa Lansing kuna Okemos na Haslett, hayo ni majina ya posta tu, serikali yao ni Meridian Township. Chapeni ramani ndogo ya parokia yenu na mpaka wa kila mji muibandike mezani, hiyo peke yake itawaokolea saini nyingi kuliko matangazo kumi.

Kaunti. Kama karatasi ina mstari wa kaunti juu, wote kwenye karatasi hiyo wawe wa kaunti hiyo. Misa ya Kiswahili inavuta watu wa mbali, Kent na Ottawa pamoja, au Ingham na Eaton, kwahiyo muwe na karatasi tofauti zenye alama ya rangi kwa klipu.

Tarehe ya siku ile ile, aandike mwenyewe, kwa mtindo wa huku mwezi kwanza. Sisi tumezoea siku kwanza, na mtu akiandika 9/3 akimaanisha tarehe 9 Machi, karatasi inasomwa Septemba 3. Bandika tarehe ya leo kwa maandishi makubwa, kila mtu aige.

Zip kodi ikikosewa au jina likisahaulika kuandikwa kwa herufi kubwa hiyo haiui saini, usimsumbue bibi kwa hilo.

Mtu mmoja saini moja kwa petisheni moja. Kama alishasaini kazini au dukani Meijer asirudie, kurudia kunaweza kufuta zote mbili na ni kinyume cha sheria akijua. Muulize tu. Na ukiona mstari umekosewa, piga mstari mmoja wa kuufuta wote na asaini mstari mpya. Usirekebishe wewe kwa mkono wako.

Alafu maandishi kamili ya sheria yapo kwenye karatasi. Mtu akitaka kusoma yote msimharakishe, hata foleni ikifika mlangoni.

Hatua ya 6: Cheti, mwisho kabisa

Hii ndiyo iliyotuumiza sisi. Dada mmoja mzuri sana wa kwaya alijaza cheti chake asubuhi kabla ya Misa, ili asisahau, akaweka tarehe, alafu jumapili iliyofuata akaendelea kujaza karatasi ile ile. Tarehe ya cheti ikiwa kabla ya tarehe ya saini, hizo saini hazihesabiwi. Kwahiyo cheti kinasainiwa na kuwekewa tarehe baada ya saini ya mwisho, basi. Kikikosa saini ya mkusanyaji au tarehe, karatasi nzima imekwenda. Tafadhali sana.

Hatua ya 7: Kuhesabu, kukagua, kufikisha

Saini ina uhai wa siku 180 kabla ya kuwasilishwa, iliyozidi hapo haihesabiwi. Na kwa pendekezo la sheria karatasi zote ziwe zimefika Lansing siku 160 kabla ya uchaguzi mkuu kama mnataka liingie kwenye karatasi ya kura mwaka huo. Hesabu kurudi nyuma utaona jumapili za kweli zenye watu ni chache, Februari theluji, Pasaka watu wamejaa, Mei watoto wanamaliza shule. Anzeni mapema, na msikae na karatasi kwenye droo ya sakristia, pelekeni kila wiki.

Idadi inayotakiwa kwa pendekezo la sheria ni asilimia 8 ya kura zote za ugavana za mara ya mwisho. Kwa kura za 2018 ilikuwa 340,047, kwa kura za 2022 ikapanda mpaka 356,958, na inabadilika kila baada ya uchaguzi wa gavana. Serikali haikagui moja moja, inachukua sampuli, na hapo saini moja mbovu kwenye sampuli inabeba uzito wa mamia ya saini nzima. Parokia iliyoleta 80 safi imesaidia kuliko iliyoleta 200 nusu mbovu.

Kila jumapili jioni watu wawili, wasio wakusanyaji wa karatasi hiyo, waipitie: tarehe, mji, kaunti, cheti. Mistari mibovu ifutwe. Andikeni kwenye daftari namba ya karatasi na idadi ya saini tu, MSIPIGE PICHA karatasi na kuzirusha kwenye grupu, mle kuna anuani za watu na wengine wetu tulikimbia nchi tukiwa tunatafutwa. Karatasi ziende kwa mkono mpaka kwa mratibu wa kamati na asaini daftari kwamba kazipokea, ngapi, tarehe gani. Karatasi zisikunjwe, na chai ikae meza nyingine.

Jumapili inayofuata mtangazieni watu idadi, na muwakumbushe kwamba kusaini haikumfunga mtu kupiga kura ya ndiyo, na kama pendekezo likifika kwenye uchaguzi bado wanatakiwa kwenda kupiga. Aliyekataa kusaini msimtaje, na akija kwenye chai baada ya Misa amiminiwe kama kila mtu.